Kibuyu Kilichobaki Kitengela

Nilikiacha juu ya friji, nyuma ya sufuria kubwa tunayoitumia Krismasi pekee, nikafunga mlango wa nyumba nikiwa nimeridhika. Kibuyu kile kilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kimevishwa ukanda wa ngozi na shanga chache zilizopauka, na kwenye buti ya gari letu dogo kingechukua nafasi ya mabegi mawili. Ndengu zilizokuwa ndani yake nilizimimina kwenye mfuko wa kitambaa, nikaukunja mdomo, nikauchomeka kando ya gurudumu la akiba. Nilijiambia kwamba nimeokoa nafasi bila kumnyima mtu chochote. Mzigo ni ndengu, na ndengu zimo.

Mama yangu alikuwa bafuni wakati huo. Afadhali niliseme hilo mapema, kwa sababu baadaye nilijaribu kujishawishi kwamba sikumficha.

Kuna watu wanaopumzika kwa kukaa. Mimi hupumzika kwa kupunguza. Tangu nimalize chuo kikuu nimehama nyumba saba, kutoka Gataka hadi katikati ya Rongai na hatimaye Kitengela, na kila nilipohama niliacha kitu nyuma kwa furaha isiyo ya kawaida: kabati, sanduku la barua, seti ya vikombe niliyopewa siku ya harusi. Sasa nina miaka arobaini na sita na ugonjwa huo haujapoa. Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa nikipanga vitu kitandani, kuvitoa, kuvipanga upya, kuamka alfajiri na kuondoa fulana moja. Safari yenyewe haikuwa ndefu. Tulikuwa tupite Isinya kwa rafiki wa Mama, tule chakula cha mchana Kajiado kwa kaka yangu, halafu tufike kwa mama mdogo, ng'ambo ya Bissil. Niliamuru kila mtu abebe begi moja linaloweza kukaa magotini, nguo jozi mbili, taulo moja kwa watu wawili, dawa ya meno moja, chaja moja.

"Afande," mume wangu aliniuliza akiwa mlangoni, amenyoosha mikono kama kuruta, "soksi ni ngapi kwa kila askari?"

"Mbili."

"Mbili ni miguu miwili ama ni jozi mbili?"

Binti yetu, mwenye miaka kumi na mitano na ulimi wa mwanasheria, alikuwa ameketi sakafuni akilitazama begi lake lililoshindishwa njaa. "Mathe, chaja moja kwa watu wanne? Hiyo sasa ni jela, si safari."

Mama peke yake hakulalamika. Alihamia kwetu kutoka Machakos mwaka uliopita, baada ya goti lake kukataa ngazi na mashamba, na alikuja na vitu vichache kuliko vile ambavyo mimi ningethubutu. Safari hii alikuwa na kiondo kimoja chenye leso, Biblia na dawa zake. "Mimi niko na kiondo na kibuyu," alisema. "Ndengu za mama yako mdogo ziko ndani ya kibuyu." Nilisikia ndengu.

Lazima nieleze kwa nini tulikuwa tunaenda. Mama na mdogo wake hawakuwa wamezungumza kwa miaka minane. Mama mdogo aliolewa na Mmaasai akiwa msichana, akahamia upande wa Bissil, na kwa miaka mingi jambo hilo halikuharibu chochote; alikuja Machakos na maziwa, akarudi na mahindi na maembe. Kisha nyanya yangu, mama yao, akafariki. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, ng'ombe walikuwa wamehamishwa mbali, na mama mdogo alifika siku moja baada ya mazishi. Mama alimkuta mlangoni, mbele ya majirani waliokuwa wamebaki wakinywa chai, akamwuliza, "Umekuja kula?" Mama mdogo aligeuka akaondoka. Mimi nilikuwa jikoni nikiosha sahani. Sentensi hiyo nilisimuliwa na wengine. Sikuwahi kumwuliza Mama habari yake. Naye Mama, kwa miaka minane, hakuwahi kuitaja, hadi mwezi ule alipotangaza mezani kwamba anataka kwenda Bissil kabla goti halijamkataza kabisa. Hakutaka simu ipigwe. Alisema mtu akipigiwa simu anapata nafasi ya kukataa.

Kwa hiyo mimi, mtu wa mipango, nilitafuta nyumba ya wageni Namanga na kuomba tuwekewe vyumba viwili, endapo tungefukuzwa.

Kuhusu kibuyu, nilikuwa na kila sababu ya kujua. Wiki mbili kabla ya safari, Mama alikuwa amewasha jiko la makaa kwenye roshani ya fleti yetu, akashika kijiti cha mti wa oloirien alichopewa na mama mmoja Mmaasai anayeuza maziwa kando ya barabara, akakichoma ncha hadi ikawa kaa jekundu, kisha akakiingiza ndani ya kibuyu na kukizungusha taratibu, akisugua kuta zake kwa kaa lile. Ndivyo vibuyu vya maziwa husafishwa huku. Maji hayatoshi, moshi wa mti ule ndio unaofanya maziwa yakae na kupata ladha. Baada yake alitoa majivu kwa kibrashi cha singa za mkia wa ng'ombe. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo, mwanamke wa Machakos aliyelelewa kwenye mitungi na vibuyu vya aina nyingine kabisa. Mimi nililalamika kwamba mapazia yananuka. Sikuuliza kibuyu ni cha nani, wala kwa nini anakisafisha kama wanavyosafisha wenyewe.

Aibu yangu ina tabaka la pili. Nilisoma sosholojia, na tasnifu yangu ya shahada ya kwanza ilihusu zawadi na ujirani. Niliandika kurasa arobaini kuhusu chombo kinacholeta kitu kwa jirani na jinsi ambavyo hakirudishwi kitupu, na jinsi kukaa na chombo cha mtu ni namna ya kuahidi kwamba mtaonana. Nilipata alama nzuri. Kisha nikamimina ndengu kwenye mfuko.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Upepo wa Kitengela ulikuwa tayari umeanza kazi yake ya kuhamisha vumbi kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, na malori ya saruji yalikuwa yamejipanga hadi karibu na daraja. Nilipoitazama buti kabla ya kuifunga, nusu yake ilikuwa wazi, na nilihisi wepesi kifuani ambao sijawahi kuupata kanisani.

Isinya haikutuchukua saa nzima. Rafiki wa Mama, ambaye ana shamba dogo nyuma ya vivungulio vya maua, alitunywesha chai, akatuombea, kisha akamwita mume wangu nyuma ya nyumba. Nilipotoka nilimkuta akipakia kreti ya nyanya na kabichi nne. Kukataa hakukuwezekana. Kreti ilikaa pale pale ambapo kibuyu kingekaa, kana kwamba ilipimwa.

"Afande," mume wangu alininong'oneza, "nyanya hazina begi. Nizirudishe?"

Tulipoingia tena barabara ya Namanga, Mama, aliyekaa kiti cha nyuma na mjukuu wake, aliinua shingo. "Kibuyu kimelala vizuri huko nyuma? Hizo nyanya zisikipasue."

Nilimwona binti yangu kwenye kioo. Alikuwa jikoni asubuhi nilipomimina ndengu. Aliniona, nami nilimwona akiniona. Sasa alikuwa akinitazama bila kupepesa.

"Kila kitu kiko sawa, Mama," nilisema.

Mama aliridhika, akamgeukia mjukuu. "Unajua kile kibuyu ni cha nani?"

"Hapana, Susu."

"Ni cha nyanya yako mdogo. Siku ile alipokuja, alikuwa amekibeba kimejaa maziwa. Mimi nikamwambia lile neno langu. Hakunijibu. Alikiweka chini, hapo kwa mlango, polepole, kisimwagike, akaenda. Maziwa tukanywa na chai. Mimi pia nilikunywa." Alinyoosha goti lake. "Kibuyu nikakaa nacho. Sasa nitamwekea mkononi. Sitasema maneno mengi. Akikiona kimesafishwa atajua."

Gari lilikuwa likipita kwenye zile tambarare ambako miti ya miiba husimama mmoja mmoja kama watu walionuniana. Nilifungua dirisha, nikalifunga. Nilifungua begi langu nikahesabu nguo ambazo nilijua idadi yake. Mikono yangu ilitaka kazi yoyote. Kati ya Isinya na Kajiado nilitunga sentensi kumi za kukiri, na kila moja ilianza na sababu: buti ni ndogo, barabara ni mbovu, kingeweza kuvunjika. Hakuna hata moja iliyoanza na "nilikosea". Nilijua nikisema mapema tungeweza kurudi kwa urahisi, na kila kilomita niliyonyamaza ilifanya urahisi huo upungue, na bado nilinyamaza. Sijui kwa nini mtu huendelea kufanya jambo ambalo analitazama akilifanya.

Kajiado, kaka yangu alikuwa ametupikia wali na nyama ya mbuzi. Sikuonja kitu. Wakati wa kunawa mikono, binti yangu alisimama kando yangu kwenye karo na kusema bila kunitazama, "Utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

"Nitamwambia."

"Lini? Tukifika Tanzania?"

Nilitoka nje. Mama alikuwa tayari amesimama nyuma ya gari akichechemea, leso mkononi. Alitaka kukipangusa kibuyu vumbi la njiani. Nilijisimamisha kati yake na buti, mwanamke mzima, kama mtoto aliyeficha sahani iliyovunjika.

"Mama, kibuyu sikukibeba."

"Hukukibeba."

"Kiko nyumbani, juu ya friji. Ndengu ziko. Niliziweka kwa mfuko."

Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, akafungua buti mwenyewe, akatazama. Mabegi membamba. Mfuko. Kreti. "Ulipata nafasi ya nyanya za watu," alisema.

Mume wangu, ambaye mzaha humtoka hata akilala, hakufanya mzaha. "Mama, saa hii ni saa nane. Nikienda Kitengela na kurudi, malori yakinihurumia, nitakuwa hapa saa kumi na moja. Nyinyi mpumzike. Nitakileta."

"Hapana."

"Basi turudi wote, twende Bissil wiki ijayo," nilisema mimi, na nilichukia jinsi sauti yangu ilivyojaa matumaini.

Mama aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Mimi nimepika huu moyo miaka minane. Nikirudi Kitengela sitatoka tena. Nikikaa hapa nikingoja, nitaanza kufikiria, na nikifikiria sitaenda." Aliifunga buti. "Twendeni. Nitaenda na mikono mitupu."

Kutoka Kajiado hadi Bissil nilimtazama Mama kwenye kioo. Mama alikuwa ameweka kiondo magotini na kukishika kwa mikono yote miwili, na mara kwa mara midomo yake ilisogea. Mwanzoni nilidhani anasali. Halafu nikatambua kwamba anajaribu maneno, anayaonja na kuyaacha, mtu ambaye maisha yake yote aliomba radhi kwa kutuma kuku au kwa kuamka mapema na kumfulia mtu nguo. Mimi ndiye niliyemnyang'anya lugha yake na kumwachia yangu. Nilichezea kitasa cha mlango hadi mume wangu akanishika mkono.

Tuliiacha lami baada ya Bissil tukafuata njia ya changarawe hadi kwenye boma lenye nyumba ya mabati, tangi jeusi la maji na zizi kubwa kuliko vyote viwili. Mama mdogo alitoka kabla hatujazima gari. Nilikuwa nimesahau urefu wake. Mume wake alikuwa mnadani Bissil, alituambia, na hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza. Binti yangu aliinamisha kichwa kama nilivyomfundisha njiani, na mama mdogo akaweka kiganja juu yake, akakiacha pale kwa muda mrefu kuliko desturi. Akamsalimu mume wangu. Akanisalimu mimi. Mwisho akamgeukia dada yake, na badala ya salamu ya Kikamba waliyozaliwa nayo, akampa ya Kimaasai, ile wanayopewa wanawake wageni.

"Takwenya."

"Iko," Mama alijibu. Alikuwa amejifunza jibu hilo miaka mingi iliyopita, na alilitamka vibaya.

Tulipewa viti na chai ya maziwa mengi. Baada ya hapo wawili hao walizungumza Kikamba, ambacho ninakiandika hapa kwa Kiswahili. Cha mama mdogo kilikuwa kimeshika kutu na maneno ya Kimaasai yalikuwa yakichomoza humo.

"Mnaelekea Namanga?" mama mdogo aliuliza.

"Tumekuja hapa."

"Hapa kuna nini?"

"Kuna wewe."

Mama mdogo alikunywa chai yake. Mama alinitazama, nami nikaenda garini, nikachomoa mfuko kando ya gurudumu la akiba na kuuleta. Ulionekana mdogo sana, mfuko wa dukani wenye mkono mmoja ulioshonwa upya. Mama aliupokea kutoka kwangu, akasimama kwa shida, akampa dada yake kwa mikono miwili. "Nimekuletea ndengu."

Mama mdogo aliufungua. Alichota ndengu kiasi cha kujaza kiganja, akazitazama. Akazisogeza puani. Alikaa hivyo, amefumba macho, hadi nikaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Zinanuka oloirien," alisema.

Alifumbua macho.

"Hizi zilikuwa ndani ya kibuyu."

"Zilikuwa," Mama alisema.

"Nani alikisafisha?"

"Mimi."

"Wewe?" Alimtazama dada yake mikono, kana kwamba ushahidi ungekuwa pale. "Na kiko wapi?"

Hapo Mama angeweza kunitaja. Nilikuwa nimeketi umbali wa mkono kutoka kwake na nilistahili. "Nimekisahau nyumbani," alisema.

"Miaka minane hukukisahau. Leo ndio umekisahau?"

Mama aliketi tena. Kiondo kilikuwa kimebaki garini, na mikono yake haikujua ikae wapi. Aliilaza magotini, viganja vikiangalia juu. "Nilikuuliza kama umekuja kula," alisema. "Na ulikuwa umebeba maziwa. Niliyaona. Neno lilitoka nikiwa nayaona."

"Ng'ombe walikuwa mbali. Nilitembea siku mbili ndio nifike kwa barabara."

"Nilijua."

"Ulijua, na ukasema."

"Nikasema. Nilikosea."

Mama mdogo alianza kurudisha ndengu mfukoni, chache chache, akiziacha ziteleze kati ya vidole. Kuku aliingia, akatazama, akatoka. Sina sifa ya kujivunia hapa, ni wasiwasi tu ulionisukuma.

"Mama mdogo, kibuyu si Mama aliyekisahau. Ni mimi nilikiacha juu ya friji. Niliona kinajaza gari bure."

Alinigeukia polepole. "Kinajaza gari."

"Ndiyo."

"Huyu," alimwuliza dada yake, bila kuniondolea macho, "ndiye yule wa digrii?"

"Ndiye huyo," Mama alisema.

"Alisomea nini hata?"

"Mambo ya majirani."

Mama mdogo alitoa sauti puani. Mama aliinamisha uso, mabega yakaanza kutikisika, na kwa sekunde moja ya hofu nilidhani analia. Walikuwa wanacheka. Walinicheka mimi, kwa muda mrefu, wakifuta macho kwa leso zao, na binti yangu akajiunga nao bila kuelewa hata neno moja la Kikamba kilichosemwa. Sijawahi kuchekwa kwa namna ambayo nilitaka iendelee.

Hata hivyo, nisije nikaipamba habari. Mama mdogo hakusema amesamehe. Alitupa mahali pa kulala, nami nikapiga simu Namanga kuomba radhi kwa vyumba tusivyovitumia. Alituchinjia kuku, lakini wakati wa kula alikaa upande wa pili wa nyumba akishughulika na vitu visivyohitaji kushughulikiwa. Niliutambua mwendo wake. Ni wangu.

Asubuhi tulipakia haraka, kwa sababu hapakuwa na cha kupakia. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya pili, ya rangi ya maziwa, iliyobaki safi. Mama mdogo alitoka na mfuko wetu wa kitambaa. Alikuwa amemimina ndengu kwenye chombo chake na kuukunja mfuko vizuri. Haukuwa mtupu. Ndani yake kulikuwa na kibrashi kipya cha singa, na kijiti cha oloirien kirefu kuliko mfuko mara tatu, kimechomoza juu, ncha yake ikiwa bado nyeusi kutokana na kazi ya asubuhi ile.

Alimpa Mama. "Kisafishe tena kabla ya kukileta. Kimekaa juu ya friji, moshi umetoka."

"Goti langu litanikataa," Mama alisema.

"Goti lilikuleta jana."

"Na nikichelewa?"

"Nitakuja kukichukua. Nitabisha mlango wako, na nitakuwa na njaa."

Waliangaliana. Mama ndiye aliyeangalia chini kwanza, na alikuwa akitabasamu, ingawa si kwa uhakika.

Kijiti hakikuingia kwenye buti. Kreti ya nyanya ilikuwa imeshika mahali pake na mama mdogo alikuwa ameongeza ngozi ya mbuzi juu yake. Mume wangu alijaribu kukilaza kwa mshazari, kisha akanitazama, midomo ikimcheza. Alitaka kuniita afande. Alijizuia.

"Nipe," nilisema.

Nilikilaza magotini mwangu, kutoka mlango mmoja hadi karibu na gia, na masizi yake yakaanza kuchora nguo yangu kabla hatujafika Bissil. Kila mara gari lilipokanyaga shimo, nilikishika kwa mikono miwili. Nyuma yangu, Mama aliegemea mbele hadi nikaisikia pumzi yake sikioni.

"Usikivunje," alisema.

"Sikivunji, Mama."

"Na ukifika nyumbani, usikiweke mahali utasema kinajaza."

Tulipita Kajiado bila kusimama.